Kununua Manga, Vifaa vya Kuandikia na Zawadi Katika Duka la Vitabu la Kijapani: Mwongozo wa Anayeanza

Kila anayefika Tokyo kutoka nyumbani, awe mwanafunzi, mfanyabiashara wa magari aliyepitia Yokohama, au ndugu aliyekuja kutembea, huniuliza maswali yaleyale. Manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) za Kiingereza ziko wapi? Mbona vitabu vimefungwa nailoni? Nitajuaje bei? Nikikosea naweza kurudisha? Nimeamua kuyajibu yote hapa, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe ninapompeleka mgeni dukani.

Nikuondolee hofu mapema. Huhitaji kujua kusoma Kijapani. Maduka haya yana utaratibu usiobadilika, na kila kitabu kimebeba alama zake mgongoni na nyuma ya jalada. Ukizijua alama kama kumi hivi utanunua kwa uhakika kuliko anayejua lugha lakini hajui pa kutazama.

Andaa haya kabla ya kutoka

- Jina la manga kwa maandishi ya Kijapani, pamoja na jina la mtunzi. Jina la Kiingereza mara nyingi si tafsiri ya lile la Kijapani, kwa hiyo kulitamka mbele ya muuzaji hakusaidii. Fungua ukurasa wa manga hiyo Wikipedia, hamia ukurasa wa Kijapani, kisha hifadhi picha ya skrini kwenye simu.
- Namba ya juzuu. Aliyekutuma mwulize mambo mawili: umefika juzuu ya ngapi, na unasoma kwa lugha gani? Usikubali jibu la "yoyote tu". Zipo hadithi zilizopita juzuu 100, na juzuu ya katikati haina faida kwa asiyesoma zilizotangulia.
- ISBN, kama aliyekutuma anataka toleo maalumu. Ni namba ya utambulisho wa kitabu, yenye tarakimu 13, na muuzaji akiipata humalizi hata dakika moja.
- Pasipoti yenyewe, siyo nakala wala picha, kama umeingia Japani kwa viza ya matembezi.
- Kadi ya benki na pesa taslimu kidogo.
- Mfuko wako wa kitambaa. Tangu Julai 2020 mifuko ya plastiki madukani hulipiwa, na maduka mengi hutoza hata ya karatasi.
- Hesabu ya uzito wa begi. Juzuu moja ya kawaida ina gramu 150 hadi 200, kwa hiyo juzuu 20 ni kilo tatu mpaka nne. Vitabu havionekani vizito mpaka vifike kwenye mizani ya uwanja wa ndege.

Hatua ya 1: Chagua duka kulingana na unachotafuta

Kwa mara ya kwanza nenda duka kubwa la vitabu vipya. Kinokuniya ya mtaa wa Shinjuku, Tokyo, ilianzishwa mwaka 1927, na jengo lake karibu na mlango wa mashariki wa stesheni ni la mwaka 1964, kazi ya msanifu Maekawa Kunio. Hapo utapata karibu kila kitu kwa Kijapani. Anayetaka vitabu vya Kiingereza aende tawi lao jingine lililo upande wa kusini wa stesheni hiyohiyo, jengo la Takashimaya Times Square, ghorofa ya 6, ambalo kazi yake hasa ni vitabu vya kigeni. Watu wengi hukosea hapa: huingia jengo la mashariki, wakazunguka saa nzima, wakarudi wakisema Tokyo hakuna manga za Kiingereza.

Kama uko karibu na stesheni ya Tokyo, kuna Maruzen ndani ya jengo la Oazo. Kampuni hii ni ya tangu 1869, na ghorofa yake ya 4 ina vitabu vya kigeni na vifaa vya kuandikia pamoja. Mwenye nusu siku tu mjini mimi humpeleka hapo. Kwa vifaa vya kuandikia peke yake, Itoya ya Ginza, iliyoanza 1904, ni jengo zima la kalamu na karatasi. Utaitambua kwa alama yake ya kibanio chekundu cha karatasi. Na kwa mwenye mfuko mwepesi, maduka ya Book Off huuza manga zilizotumika, nyingine kwa zaidi kidogo ya yeni 100.

Zingatia hesabu ya ghorofa. Japani ghorofa ya chini ndiyo ya kwanza. Ukielekezwa 4F, kwetu hiyo ni ghorofa ya tatu.

Hatua ya 2: Tafuta rafu

Rafu za manga hazipangwi kwa majina ya hadithi. Hupangwa kwanza kwa kampuni iliyochapisha (Shueisha, Kodansha, Shogakukan na wenzao), kisha kwa mkusanyo wa jarida lililoitoa hadithi kwanza, kipande kwa kipande, na ndani ya mkusanyo huo kwa jina la ukoo la mtunzi au kwa jina la manga, kufuatana na desturi ya duka. Kwa hiyo kabla ya kuingia, jua mchapishaji wa Kijapani wa manga yako ni nani. Utampata kwenye ukurasa uleule wa Wikipedia.

Mpangilio wa herufi nao si wa A, B, C. Huanza a, kisha ka, sa, ta, na, ha, ma, ya, ra, na mwisho wa. Kwenye vibao vya rafu utaona あ か さ た な は ま や ら わ. Zichore kumi hizi kwenye karatasi, au zihifadhi kwenye simu. Ukitafuta mtunzi ambaye jina lake la ukoo ni Tanaka, nenda moja kwa moja kwenye た.

Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati. Vokali za Kijapani ni zilezile tano tulizonazo, na silabi nyingi huishia na vokali kama zetu. Soma Kinokuniya kama unavyosoma Kinondoni, na muuzaji atakuelewa.

Ukishindwa, tafuta kompyuta za kutafutia vitabu. Maduka makubwa huziweka kwenye korido, na baadhi huchapa kikaratasi chenye ramani ya rafu. Weka ISBN, au mwonyeshe muuzaji simu yako ukisema *Sumimasen, kore wa arimasu ka?*, yaani samahani, hiki kipo? Kwenye neno *desu* utakalokutana nalo hapa chini, ile u ya mwisho haisikiki: tamka "des".

Hatua ya 3: Hakikisha ulichoshika ndicho unachokitaka

Hatua hii ndiyo inayowaumiza wengi, kwa hiyo usiiharakishe.

Manga mpya hufungwa nailoni ili zisisomwe bure dukani. Usiichane. Rafu nyingine huwa na kijitabu cha kuonja kimeandikwa 試し読み au 見本. Hicho ruhusa kukifungua. Kwa vingine vyote, kagua jalada.

*Ni manga au ni riwaya?* Mwaka wangu wa kwanza nilimnunulia mpwa wangu wa Tanga kitabu chenye picha ya katuni anayoipenda kwenye jalada. Alipokifungua alikuta maandishi matupu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na michoro michache tu. Ilikuwa riwaya ya hadithi ileile. Majalada yanafanana kabisa, na riwaya hizi huwekwa jirani na manga. Njia ya kutofautisha ni hii: geuza kitabu, tazama karibu na ISBN, utaona herufi C ikifuatwa na tarakimu nne. Zikiishia na 979, kwa mfano C9979 au C0979, hiyo ni manga. Zikiishia na 93, hiyo ni hadithi ya maandishi. Ukiona pia 小説 kwenye jalada, maana yake ni riwaya. Tangu nijifunze hilo sijakosea tena, na hakuna jambo katika mwongozo huu ninalolithamini zaidi.

*Ni juzuu ya ngapi?* Kwa kawaida tarakimu ipo mgongoni, 1, 2, 3 kama zetu. Hadithi fupi zenye juzuu mbili huandikwa 上 (ya kwanza) na 下 (ya mwisho). Zikiwa tatu, 中 hukaa katikati. Usimpe mtu 下 peke yake. Neno 全10巻 lina maana hadithi nzima ina juzuu 10, na 完結 maana yake imekwisha. Kwa zawadi, hadithi iliyokwisha yenye juzuu chache ni bora kuliko mwanzo wa hadithi isiyo na mwisho, kwa sababu huenda anayepewa hatapata pengine pa kununulia zinazofuata.

*Ni ukubwa gani?* Hadithi moja huweza kuwa na matoleo mawili au matatu. Toleo la kawaida la manga za vijana lina upana wa sentimita 11 na kitu. Za watu wazima ni kubwa kidogo. Toleo la mfukoni, 文庫, ni dogo, na mara nyingi hubeba kurasa nyingi zaidi, kwa hiyo juzuu ya 5 ya mfukoni hailingani na juzuu ya 5 ya kawaida. Anayekamilisha seti aliyonayo hataki kuchanganya. Mwombe akutumie picha ya mgongo wa juzuu moja aliyo nayo.

*Ni ya lugha gani?* ISBN inayoanza na 978-4 imetolewa Japani, na karibu zote hizo ni za Kijapani. Matoleo ya Kiingereza ya wachapishaji wa Marekani na Uingereza huanza na 978-0 au 978-1, na baadhi ya mapya ya Marekani na 979-8. Kuyaulizia sema *Eigo no manga wa doko desu ka?* Jiandae kwa bei: manga ya Kijapani ya vijana huuzwa takriban yeni 500 hadi 600, lakini ileile kwa Kiingereza, kwa kuwa imeagizwa kutoka nje, huweza kufika mara mbili au tatu ya hapo.

Kwa anayejifunza Kijapani, chagua manga za wavulana au wasichana wa umri wa shule. Hizo huwa na herufi ndogo pembeni ya kila neno gumu zinazoonyesha matamshi, ziitwazo furigana. Manga za watu wazima nyingi hazina, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukwama ukurasa wa pili.

*Inamfaa mtoto?* Usipime kwa uzuri wa jalada. Kila jarida lina wasomaji wake, na michoro ya kupendeza yaweza kubeba mambo ya kitandani au damu. Ukiona 成年 au 18禁, ni ya watu wazima tu; usiinunue kwa kubahatisha, na usiipitishe forodhani bila kujua sheria za nchi unayokwenda. Shaka ikibaki, taja umri kwa vidole na useme *kodomo*, mtoto. Muuzaji atakuelekeza.

Hatua ya 4: Soma bei vizuri

Hakuna kupatana bei. Vitabu vipya Japani vina bei moja nchi nzima inayopangwa na mchapishaji, kwa hiyo usipoteze muda kuzunguka maduka matano ukitafuta nafuu. Nafuu iko kwenye vilivyotumika tu.

Nyuma ya kitabu kuna mistari myeusi ya msimbopau mara mbili. Wa juu unaanza na 978, wa chini unaanza na 192. Bei imeandikwa karibu na hapo kwa alama ¥ au 円. Lakini angalia: ukiona 本体 au +税, hiyo ni bei kabla ya kodi, na kodi ni asilimia 10. Kitabu cha yeni 500 utakilipia 550. Ukiona 税込, kodi imo ndani.

Hatua ya 5: Chagua vifaa vya kuandikia

Sasa sehemu tamu. Kama huna hakika na ladha ya mtu kwenye manga, mnunulie kalamu. Kila mtu huandika.

Kalamu huuzwa mojamoja na mbele yake kuna karatasi ya kujaribia. Jaribu. Namba iliyo kwenye kalamu ni unene wa mstari kwa milimita: 0.38 ni nyembamba sana, 0.5 ni ya kati, 0.7 ni nene. Wajapani hupenda nyembamba kwa sababu herufi zao zina mistari mingi. Wengi wetu tunaoandika kwa kukandamiza tunafurahia 0.5 au 0.7. Kalamu za wino wa kujaza nazo, ile iliyoandikwa F hapa ni nyembamba kuliko F ya Ulaya.

Ukinunua kalamu ya kwenda nayo nyumbani, nunua na mirija yake ya wino, miwili au mitatu kwa kila kalamu. Nyumbani huipati kirahisi, na kalamu nzuri isiyo na wino huishia kwenye kikombe mezani.

Onyo kubwa linahusu kalamu zinazofutika, FriXion za Pilot. Zinafutika kwa joto la msuguano: wino hupotea ukifika nyuzi 60 hivi. Ni zawadi nzuri kwa mwanafunzi, lakini usiitumie kwenye hundi, hati, fomu ya viza au karatasi ya mtihani wa taifa. Na daftari lililoandikwa kwa kalamu hiyo likiachwa ndani ya gari juani, Dar es Salaam au Mombasa, maandishi yanaweza kutoweka. Yakitoweka, tia daftari kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, uliweke kwenye friza. Kwa baridi kali wino huanza kurudi. Kumbuka kuwa na vile ulivyovifuta kwa makusudi vitajitokeza.

Madaftari: ukubwa unaopendwa Japani ni B5, kati ya A4 na A5 zetu. Kama daftari linasimama peke yake, hakuna neno. Tatizo ni karatasi za kuchomoa. Za B5 zina matundu 26, na haziingii kwenye faili letu la matundu mawili. Ukimnunulia mtu karatasi hizo, mnunulie na jalada lake. Madaftari ya Campus ya Kokuyo yana herufi kwenye jalada: A ni nafasi ya milimita 7 kati ya mistari, B ni milimita 6. Kwa mwandiko wa kwetu chukua A.

Shajara nazo zina mtego. Mwaka wa shule na wa kazi Japani huanza Aprili, kwa hiyo zipo shajara nyingi zinazoanza Aprili, si Januari. Fungua ukurasa wa kwanza utazame mwezi. Mwaka wenyewe huweza kuandikwa kwa enzi ya mfalme, Reiwa, iliyoanza 2019: Reiwa 7 ni 2025. Sikukuu zilizotiwa rangi nyekundu ni za Japani. Idi, Krismasi na Saba Saba itabidi mtu azitie mwenyewe.

Hatua ya 6: Chagua zawadi

Kwa asiyesoma Kijapani kabisa, tazama haya: vialamisho vya kitabu, kadi za posta, karatasi za origami, yaani za kukunjia maumbo (za sentimita 15 zinamtosha anayeanza), utepe wa karatasi wa mapambo, na vitambaa. Kuna tenugui, kitambaa chembamba kirefu cha pamba, na furoshiki, kitambaa cha mraba cha kufungia vitu. Akina mama wa pwani hukielewa furoshiki bila maelezo, kwa kuwa kazi nyingi hizo kanga huzifanya; na zamani baadhi ya kanga zetu zilichapishwa hukuhuku Japani. Kwa mpenzi wa manga asiyejua lugha, kitabu cha michoro ya mtunzi, 画集, kinampendeza kuliko juzuu asiyoweza kuisoma. Ni kizito, lakini kinatunzwa miaka.

Kuwa makini sana na bahasha. Sehemu ya vifaa vya kuandikia ina bahasha nzuri zilizofungwa nyuzi ngumu za kamba. Zenye nyuzi nyekundu na nyeupe, au za dhahabu, ni za kutunzia pesa harusini na kwenye heri. Zenye nyuzi nyeusi na nyeupe ni za rambirambi. Nimemwona mgeni akijaza kikapu cha za rambirambi kwa sababu ya urembo wake, akikusudia kuwapelekea wanaharusi. Asingalizuiwa, kwa yeyote anayejua ingekuwa aibu.

Zilizo salama na nafuu ni pochibukuro, vibahasha vidogo ambavyo Wajapani huwapa watoto pesa ya mwaka mpya. Mimi huvinunua kwa wingi na kuvituma nyumbani kabla ya Ramadhani kwisha, vitumike kwa mkono wa Idi. Havina uzito, vina picha za kupendeza, na mtoto hukitunza kibahasha hata pesa ikishaliwa. Epuka tu vilivyoandikwa maneno ya mwaka mpya au vyenye mnyama wa mwaka fulani.

Kama unampa Mjapani zawadi, usimpe vitu vinne. Neno nne, *shi*, hutamkwa sawa na kifo. Mpe vitatu au vitano.

Hatua ya 7: Lipa

Duka lenye ghorofa nyingi, ulizia kama unalipia kila ghorofa. Mengi yako hivyo, na kupanda ngazi na kitu usichokilipia huonekana vibaya. Kaunta ina kisahani: weka pesa au kadi humo, usimpe muuzaji mkononi. Salamu ya *irasshaimase* unayoisikia ukiingia haihitaji jibu. Kutikisa kichwa kunatosha.

Muuzaji atauliza maswali matatu hivi, kwa haraka:

1. *Kabaa?* Anauliza kama akivike kitabu jalada la karatasi. Ni bure kwa kawaida, na ni kumbukumbu nzuri ya duka. Sema *onegaishimasu*, tafadhali. Hapana ni *daijoubu desu*.
2. *Fukuro?* Mfuko. Unao wako, sema *daijoubu desu*.
3. *Pointo kaado?* Kadi ya pointi. Huna, sema *nai desu*.

Kwa zawadi, sema mapema, kabla hajaanza kupiga hesabu: *Purezento desu*. Kama ni za watu mbalimbali, *betsubetsu ni*, kila kimoja peke yake. Na bandika kikaratasi cha jina mwenyewe papo hapo, maana vikishafungwa vyote vinafanana.

Msamaha wa kodi ni kwa aliyeingia kwa matembezi mafupi, kwenye duka lenye alama ya 免税, akinunua bidhaa za yeni 5,000 au zaidi kabla ya kodi, duka moja, siku moja. Mwanafunzi na mfanyakazi mkazi hawahusiki, hata wakiwa na pasipoti mkononi. Kusanya manunuzi yako ufike kiwango hicho kwa mara moja badala ya kurudi mara tatu. Kwa safari za kuanzia tarehe 1 Novemba 2026 utaratibu ni mwingine: unalipa bei kamili dukani, kodi inarudishwa baada ya forodha kuthibitisha uwanjani kwamba unatoka na bidhaa. Kwa hiyo vitu hivyo visizame chini ya begi ulilokwisha kulikabidhi.

Hatua ya 8: Funga begi

Vitabu vilale chini, karibu na magurudumu, migongo ikitazama upande mmoja. Mikasi na visu vya kukatia karatasi viende kwenye begi la kukabidhi, visiwe mkononi. Kalamu ya wino wa kujaza isafiri tupu au imejaa kabisa, ncha ikitazama juu. Ikiwa nusu, hewa hutanuka ndege ikipaa na wino humwagika.

Kama unapitia Dubai, si Tokyo

Wasomaji wengi wa Kiswahili hawafiki Japani, ila hupita Dubai kikazi au wakibadilisha ndege. Kinokuniya wana duka kubwa ndani ya Dubai Mall tangu 2008. Hapo mambo ni rahisi zaidi: manga nyingi ni za Kiingereza, na vibao vya rafu unavisoma mwenyewe. Kodi ya huko ni asilimia 5, na mtalii anaweza kurudishiwa sehemu yake akinunua kuanzia dirham 250 kwenye duka lililojiunga na mpango huo. Omba wakati wa kulipa, si baadaye. Yale ya ISBN, juzuu, umri na mirija ya wino yanabaki vilevile.

Ukikwama

*Juzuu niliyotumwa haipo.* Nunua zilizo kabla yake au baada yake kama unajua hana, au muulize muuzaji tawi gani linayo. Usibadilishe kwa toleo la ukubwa mwingine bila kumpigia aliyekutuma.

*Nimenunua ya Kijapani nikidhani ni ya Kiingereza.* Kurudisha kwa sababu ya kubadili mawazo hakukubaliki kwenye maduka mengi. Ikiwa kurasa zimerukwa au zimechapwa juu chini, rudi na risiti na utabadilishiwa. Kwa kosa lako mwenyewe, iuze Book Off au mpe mtu anayejifunza Kijapani.

*Hadithi haieleweki, imeanza na mwisho.* Unaifungua upande wa kushoto. Manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, hata nyingi za Kiingereza. Anza na upande unaodhani ni wa nyuma, na ndani ya ukurasa anza kisanduku cha juu kulia. Waliozoea kufungua msahafu hawapati taabu hapo.

*Nilipiga picha ukurasa, muuzaji akaja.* Kupiga picha kurasa dukani kumekatazwa, na wenyewe huhesabu kuwa ni aina ya wizi. Omba radhi, *sumimasen*, na uifute mbele yake. Kama ulitaka kumwuliza mtu nyumbani, piga jalada tu, na uombe ruhusa kwanza.

*Nilinunua na kodi, nikakumbuka pasipoti hotelini.* Rudi siku hiyohiyo na risiti, bidhaa na pasipoti, ukaulize kaunta ya msamaha. Siku ikipita, basi.

*Begi limezidi kilo.* Toa kwanza majalada magumu na vitabu vya michoro, uvibebe mkononi kwenye mfuko. Kalamu, vialamisho na vibahasha viache vilivyo. Ukivitoa vyote hujapunguza hata nusu kilo.